Mtungi wa Mama Hautoki Jasho Tena

Lyulilo, Jumamosi usiku

Na bado ni mkavu. Nimeupapasa tena tumbo lote, hakuna hata unyevu.

Juzi niliupaka kwa nje ile dawa ya maabara, tunayoipaka kazini miamba ya chini kwenye visima vya gesi ili isishike maji, gesi ipate njia ya kutoka. Ni mtungi wa mwisho alioufinyanga mama kabla hajafariki. Niliona jasho lile linaumomonyoa. Nilitaka udumu, basi.

Leo mchana mama mdogo alipita akitoka sokoni. Nikamchotea maji. Akanywa funda moja, akanirudishia kikombe bila kusema “ndaga”, yeye anayeshukuru hata akipewa kigoda.

“Mbona ya moto?”

Akaweka kiganja kwenye mtungi, kisha akakitazama. “Mtungi wa dada yangu ulikuwa unatoka jasho, ndiyo maana maji yalikuwa yanapoa. Umeufanyaje?”

Nikamweleza. Akauliza kama hiyo dawa inaweza kutoka.

Nikamjibu kama ninavyojibu kazini, tena kwa majivuno: haitoki. Joto la huko chini haliitoi, wala chumvi. Ndiyo sifa yake.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Alipoondoka nilidondosha maji shingoni mwa mtungi, pale mama alipobonyeza kidole gumba. Zamani udongo ule ungelinywa tone papo hapo. Leo limesimama juu, mviringo, kama jicho, halafu likateleza hadi sakafuni.

Alama ya kidole chake imebaki kavu, kama vile hainijui.