Tanuri la Tarique

Quionga, 3 Juni 2024

Mjukuu wangu Wahida,

Asalaam aleikum. Mimi ni mzima, ila magoti yananisumbua. Mama yako anakula sasa?

Arobaini ya kaka yako Tarique imepita. Alioka mikate miaka miwili tu tangu mliporudi Mocímboa kutoka ukimbizini, kisha homa ikamchukua akiwa kijana. Mama yako anaumia kila anapoliona tanuri lile limepoa uani. Libomoe.

Babu yako, Cassamo

Mocímboa da Praia, 1 Julai

Shikamoo Babu,

Pole kwa magoti. Mama anakula kidogo, lakini hatoki chumbani.

Nisamehe, sijalibomoa. Nimeliwasha, nataka kazi ya kaka iendelee. Mikate inaungua. Jirani yetu Luísa ameniuliza kama nauza mikate au makaa ya pasi.

Kaka alikuwa akiweka mkono mdomoni mwa tanuri na kusoma sura ya Kul-huwallahu. Akishindwa kuvumilia kabla ya kumaliza, moto ni mkali, anasubiri. Nami nafanya vivyo hivyo. Namaliza sura bila shida, naingiza mikate, inaungua. Nakosea wapi? Niruhusu nijaribu tena.

Mjukuu wako, Wahida

Quionga, 9 Julai

Wahida,

Marahaba. Magoti ni yale yale.

Sikuwafundisha sura ili mpimie moto. Ningejua, ningemkemea Tarique. Hata hivyo nimecheka peke yangu, nikamwona tena katika chuo changu cha Kurani akivuta kila herufi kama nilivyoagiza, wenzake wameshamaliza na kukimbilia nje. Wa kwanza kukimbia ulikuwa wewe. Unasoma kama mtu anayefukuzwa, ndiyo maana mkono wako haupati muda wa kuhisi moto. Soma kama alivyosoma yeye. Ikishindikana, libomoe.

Babu yako

Mocímboa da Praia, 22 Julai

Shikamoo Babu,

Sote wazima. Nilisoma polepole. Mara ya kwanza nilitoa mkono katikati ya sura, nikasubiri moto upungue, nikaanza upya. Mama alinisikia, akatoka.

“Ndivyo alivyokuwa akisoma,” akasema, akaketi kukanda unga uliobaki.

Luísa alikula mkate akiwa amesimama, akataka mwingine.

Bado unataka nilibomoe?

Mjukuu wako, Wahida

Quionga, 30 Julai

Wahida,

Nisalimie mama yako. Chamsudine, yule dereva, atapita kwenu Ijumaa akija huku. Mpe mikate ya kunitosha. Ijumaa itakayofuata atapita tena.

Babu yako