Siku Tuliyommwagia Nguva Maji

Mwalimu Tatu,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikanyamaza kidogo, kama nilivyokuwa nikinyamaza mlangoni pako asubuhi mpaka uitikie, ukiwa bado unajitanda kanga. Mtu huondoka, mazoea yakabaki yanamtafuta.

Nakuandikia kutoka darasani kwako. Watoto wamekwishakwenda makwao, upepo unaingia kwa madirisha ya upande wa bahari, na ubaoni kuna kaa niliyemchora leo, miguu imempinda vibaya. Wewe ungemfuta kwa kiganja ukamchora upya bila kunisema. Hapa Mchinga wote wazima. Nyumba yako amepanga karani wa Liwali na mkewe, watu wapole. Minazi ya uani imezaa sana mwaka huu nao huwaachia watoto waangue madafu wakitoka shule. Nilijua ungependa kulisikia hilo.

Nianze na lile linaloniuma. Siku walipokupandisha kwenye lori kukupeleka hospitalini Lindi nilikushika mkono, nikaona umekuwa mwepesi kama nguo iliyoanuliwa. Kifua kilikuwa kimekubana tangu masika yalipoanza, nawe ukisema ni baridi tu, itapita. Ukaniambia, "Waangalie wanangu, Hadija. Naja." Kisha mvua ikakata njia. Habari zako alituletea mtu aliyekuja kwa miguu akipita kwenye matope, na wakati huo nduguzo walikuwa wamekwishakuzika. Nilipofika Lindi nilikuta udongo umeanza kukauka juu yako. Nikasoma Fatiha, nikakaa. Maneno mengine yamenijia sasa.

Najiona bado siku niliyofika hapa, mtoto wa Mitole, wa mashamba ya mtama na mihogo, ndiyo kwanza nimetoka chuoni. Nilikuwa sijawahi kutia mguu katika maji ya chumvi. Nilikukuta umeshika kile kitabu cha somo la viumbe tulicholetewa na serikali, chenye picha za Uingereza tupu: miti isiyo na jani hata moja, na ndege mwenye kifua chekundu katua juu ya theluji. Mtoto mmoja akakuuliza kama theluji ni chumvi. Ulicheka mpaka ukajifuta macho, halafu ukakifunga kitabu taratibu, kama mtu anayemfunika aliyelala.

"Hawa ni wa kwao," ulisema. "Bamvua likija tutakwenda kuwaona wa kwetu."

Nami sikujua bamvua ni nini. Nilikuja kujua asubuhi ile bahari iliponiondokea machoni. Mwezi ulikuwa mpevu, maji yalikimbia mbali kabisa, yakaacha uwanja mpana wa mchanga na majani ya bahari unaong'aa hadi macho yanachoka. Tulitembea mahali ambapo jana yake samaki walikuwa wakipita. Watoto walikufuata kwa safu, kila mmoja na kifuu chake cha nazi mkononi, na hakuna aliyepiga kelele. Ulikuwa na namna yako ya kutembea iliyomnyamazisha mtu. Kila kidimbwi ulikichutamia kama unayechungulia kisimani. Kiti cha pweza, yule wa mikono mitano kama nyota, unamgeuza tumbo juu, watoto wanaona vimiguu vyake vidogo vinavyopapasa hewa, kisha unamrudisha vilevile alivyokuwa. "Mrudishe alivyokuwa," ulikuwa ukisema, "ana shughuli zake." Mara nyingine nilijisahau kabisa kwamba mimi ni mwalimu. Nilijiona nimeingia katika ndoto ya mtu mwingine, naye ameniruhusu nitembee humo.

Lakini siku ninayotaka kuisema ni ile ya nguva.

Mfaume ndiye mwenye ule uzio wa fito ulio karibu na mkondo, ule unaoingiza samaki maji yakijaa na kuwazuia yakipwa. Tulikuwa tukiupita kila safari, na binti yake Zainabu, aliyekuwa darasa lako la tatu wakati ule, alipenda kuwaonyesha wenzake kwa fahari. Siku ile alitangulia mbio, kisha akasimama kama aliyepigwa na kitu. Ndani ya uzio, katika maji yasiyofika magotini, alikuwa amelala mnyama mkubwa wa rangi ya majivu, mviringo, mwenye mashavu manene na macho madogo. Usiku aliingia kula majani, maji yakamwacha. Mgongo wake ulikuwa umeshaanza kukauka kwa jua.

Mimi nilirudi nyuma. Wewe ulivua kanga yako ya juu, ukailowesha, ukamtandika mgongoni, ukabaki na gauni lako tu na ushungi wa kichwani. Ukawaambia watoto wachote maji kwa vifuu vyao. Walichota. Mpaka leo nasikia ile sauti, maji yakimwagika kidogokidogo juu ya kanga, na miguu midogo ikirudi mkondoni kuchota mengine.

Mfaume akaja na nduguye, kisu kiunoni na kamba begani. Alipoona kilichomo uzioni alisema Alhamdulillahi kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekuwa ameomba kitu na kukata tamaa. Kisha akakuona wewe.

"Mwalimu, watoe watoto. Sitaki waone damu."

"Subiri kidogo, Mfaume."

"Nisubiri nini? Huyu ni riziki yangu. Nimeletewa mpaka mlangoni."

Nilikuwa nakutazama uso. Sote tulijua Mfaume ana haki yake, na kwamba mwezi ule bahari ilikuwa imemnyima. Nyama ya nguva ingelisha mtaa mzima. Na wewe ulikuwa mwanamke mgeni kutoka Kivinje, usiye na mume wala kaka mjini hapa, na wengine walikuwa wameshaanza kusema kwamba unawafundisha watoto wa watu uzururaji. Ungeshindana naye, shule ingekosa watoto kesho yake. Na Zainabu ndiye angekuwa wa kwanza kutolewa.

Hukushindana. Ulimjibu kwa upole uleule wa darasani. "Ni wako, sibishi. Naomba kitu kimoja. Waache wanangu wamtazame akiwa hai mpaka maji yarudi. Akishakuwa kitoweo hatatufundisha neno."

Mfaume akamtazama nduguye. Kisha akaenda kukaa juu ya gogo lililokuwa pembeni ya uzio, kisu mapajani, akakuacha.

Lile ndilo darasa bora kuliko yote niliyopata kuhudhuria. Ulichuchumaa majini, watoto wamekuzunguka. Uliwaambia wanyamaze wasikilize, na baada ya kitambo pua za yule mnyama zikafunguka kama vifuniko viwili, zikatoa pumzi ndefu yenye joto, zikajifunga tena. "Mmesikia? Anavuta hewa kama ninyi. Samaki gani huyu?" Mmoja akasema basi si samaki. Ukawaonyesha vinywele vichache mdomoni mwake. Ukawaonyesha chuchu zake mbili chini ya mapezi, zimejaa, na wasichana wakainamisha vichwa kwa haya na kutazamana. Ukasema hunyonyesha. Ukaacha neno hilo liende peke yake.

Jua lilipanda. Mwanga ulikuwa juu na chini yetu, sikujua tena wapi mchanga unaishia na mbingu inaanza. Nilimgusa, Mwalimu. Ulinishika mkono ukauweka juu ya ile kanga, na chini yake nikasikia moyo wake ukipiga polepole mno, kama mtu anayetwanga peke yake asiye na haraka ya kumaliza. Hofu yangu yote iliniishia pale. Sikupata nafasi ya kukuambia hivyo.

Maji yalipoanza kurudi, yakipenya kati ya fito kwa ulimi mwembamba, Mfaume alisimama. Nikajua wakati wetu umekwisha. Alivuka kwenda upande wa mkondo, nadhani ili afunge mlango wa uzio vizuri, na huko akabaki amesimama maji yakimpanda mapajani. Alikuwa anatazama kitu. Sote tukageuka. Nje ya uzio, karibu kabisa na fito, mgongo mdogo wa rangi ileile ulijitokeza, ukazama, ukajitokeza tena palepale.

"Ana mtoto," Mfaume alisema, kama anayetoa habari asiyoitaka.

Wewe hukumtazama hata kidogo, uliendelea kumwagia nguva maji. Nduguye akamwita kwa jina, akamwambia wawahi kabla maji hayajawa mengi. Mfaume akawa kama hasikii. Akakitia kisu kiunoni, akashika ufito wa kwanza kwa mikono miwili, akaung'oa. Akaung'oa na wa pili. Nduguye alilaani, akatupa kamba, akaondoka zake kuelekea pwani. Zainabu akaenda kumsaidia baba yake bila kuambiwa, na watoto wengine wakafuata, wakawa wanazirundika fito juu ya mchanga zisichukuliwe na mkondo.

Yule mama hakutoka upesi. Alilala maji yakimwinua kidogo kidogo, kanga yako ikaelea ikamwacha. Kisha akajisukuma mara moja kwa ule mkia wake mpana, akapita pengoni karibu na miguu ya Mfaume. Tuliona migongo miwili, mkubwa na mdogo, na baadaye maji matupu.

Mfaume alikuambia, "Umenikosesha kitoweo, Mwalimu."

Ukasema, "Nimekukosesha."

Jioni ile ulimtuma Zainabu nyumbani kwao na jogoo wako mwekundu, uliyekuwa naye mmoja tu. Asubuhi jogoo akarudi, miguu imefungwa kwa ukili, na salamu kutoka kwa Mfaume kwamba wamemtazama akiwa hai usiku kucha na sasa hawawezi tena kumchinja. Ulicheka siku nzima. Mkaguzi wa Kizungu alipofika siku hiyohiyo akakukuta unacheka, akadhani umefurahi kumwona yeye.

Sasa sikiliza yaliyotokea baada yako. Mwalimu Mkuu alizikataza safari. Hakufanya kwa ubaya. Aliniita akasema, "Mwalimu Tatu alizaliwa na bahari. Wewe ni mtu wa bara. Mtoto akichukuliwa na maji nitawaambia nini wazee wake?" Nilikubali, kwa kuwa alichosema ni kweli. Bamvua zikaja zikapita. Tuliziona dirishani, bahari ikikimbia na kurudi bila sisi, na watoto wakawa wanasoma habari za yule ndege wa theluji.

Basi siku moja Mfaume alikuja shuleni amevaa kanzu kama anakwenda Ijumaa. Akasimama barazani, akamwambia Mwalimu Mkuu mbele yangu, "Nasikia watoto hawatoki tena. Maji nayajua. Mwambie huyu binti afundishe, mimi nitatazama maji." Mwalimu Mkuu akamuuliza kazi yake ataifanya lini. Akajibu kwamba uzio hauendi popote.

Tulikwenda Jumatano iliyopita. Mfaume alikaa mbali, upande wa mkondo, macho yake baharini. Zainabu, ambaye sasa ni msichana mrefu wa darasa la sita, aliomba ruhusa aje nasi akawashika mikono wadogo. Nguva hatukumwona, na sikuwaahidi. Tuliwaona wale ndege sululu wakichokora tope kwa midomo yao iliyopinda, na pweza mdogo aliyegeuka rangi mara tatu tukimtazama. Mtoto mmoja wa darasa la pili, mkimya, ambaye tangu afike shule hatujasikia sauti yake, alinivuta nguo akaniambia, "Mwalimu, ananiona." Nikainama. Kweli, pweza alikuwa anamtazama yeye, na walibaki hivyo kwa muda mrefu, nami nikawaacha.

Ahadi yangu ni hii. Maadamu nina miguu, sitawafungia ndani. Na kiangazi kikikaza nitawapeleka hawa watoto wa pwani kwetu juu, Mwalimu Mkuu amekubali. Hawajawahi kuona mto ukianza. Upo mmoja unatoka chini ya jiwe nyuma ya shamba la baba yangu, mwembamba kama uzi, wa kurukwa na kuku. Nitawaambia waweke viganja, wausikie ukitoka ardhini.

Mungu akupe nuru hapo ulipo, Mwalimu, na akupanulie mahali pako. Mimi nakwenda. Watoto wawili wako mlangoni tayari, wamerudi na kitu ndani ya kifuu, wananong'ona nani aingie kwanza.

Hadija