Gari la Mzee Nassoro na Mikorosho ya Bondeni

Lindi mjini,
Jumapili jioni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Asalaam aleikum wewe na wote mlioketi hapo barazani. Goti linaendeleaje? Mama aliniambia siku hizi unashuka bondeni kwa fimbo, nami nikawa nakuona unavyosimama kwenye kila mkorosho kama unaukagua, kumbe unapumzika. Na macho je? Dawa ya matone imesaidia, au bado Kaka Hamisi ndiye anayekusomea kila kitu? Mimi ni mzima. Shangazi naye ni mzima, na kelele zake nzima vilevile. Asubuhi nasaidia kukanda chapati, tunapeleka kibandani, jioni naosha masufuria. Nimezoea, ila wateja bado wananiambia, "Binti, sema kwa sauti, hatukusikii."

Ndiyo maana naandika. Mwenyewe ulisema, "Wewe andika, maana kwenye simu unanong'ona kama mgonjwa." Ukasema kwamba gari la Mzee Nassoro naliona kila Jumamosi likioshwa hapa mbele ya kibanda, basi niliangalie vizuri, nisikilize na wenzake wenye magari ya aina hiyo wanasemaje, nikueleze kabla hajalileta Mitole Ijumaa baada ya swala. Yeye achukue bonde la mikorosho, sisi tuchukue gari. Ukamalizia, "Somoe akisema zuri, bonde nalitoa." Tangu siku ile, Baba, nakula chakula bila kujua nimekula nini.

Basi nimesikiliza. Wanaoleta magari hayo mafupi yaliyonyanyuka kidogo ni watatu, na wakisubiri kuoshewa wanakaa kwenye benchi letu wanakunywa chai. Yupo Mwalimu Hokororo wa sekondari, yupo Mama Neema ambaye ni muuguzi, kwao ni kule juu Newala, na yupo Mzee Nassoro mwenyewe. Mazungumzo yao ni mafuta tu.

Jumamosi ile, si ya jana, ya kabla yake, Mwalimu alianza, "Hii gari hainywi, inalamba."

Mama Neema akamjibu, "Inalamba kwenye lami. Ipandishe Newala imejaa watu uone inavyobugia. Mshale unashuka huku nautazama."

"Mguu wako mzito, muuguzi."

"Mguu wangu? Wewe kiyoyozi hukiwashi mpaka mkeo anafika kanisani ameiva!"

"Bora aive kuliko tusukume."

Benchi zima likacheka, hata Shangazi akamwaga chai. Kisha Mama Neema akasema jambo ambalo nililishika kwa ajili yako. Alisema ni gari zuri kwa mtu mmoja, mkewe na watoto, kwenda kazini na sokoni, halisumbui. Lakini ukikaza watu nyuma na kujaza buti, linakaa chini kama kuku anayetaga, na penye mchanga tumbo linasugua. Mwalimu akakubali. Alisema buti lake linachukua gunia moja na maneno mengi. Ukitaka magunia zaidi unalaza kiti cha nyuma, na ukishalaza kiti, abiria utawaweka wapi? Nikafikiria njia yetu ya Mitole wakati wa masika, na wagonjwa, na akina mama wa kujifungua ambao Kaka anasema ndio atakaowabeba, na korosho za watu juu yao.

Mzee Nassoro alikuwa anakoroga chai. Mwalimu akamchokoza, "Muulizeni huyu. Anakwenda Mchinga na kurudi, mshale haujasogea."

"Ana uchawi," akasema Mama Neema.

"Si uchawi, ni akili," Mzee Nassoro akajibu, akanitazama mimi. "Mwambie baba yako hivyo hivyo, binti. Kwa mafuta, hili ni tofauti na haya ya wenzangu."

Baba, najua hesabu yote ya Kaka imesimama juu ya neno hilo. Kama gari halili mafuta, biashara ipo. Kama linakula kama ya wenzake, bonde limekwenda bure.

Alhamisi hii nimeiona hiyo akili. Tulikuwa tunakwenda Mchinga kwenye hitima ya mama mkwe wa Shangazi, na Mzee Nassoro akajitolea kutupeleka. Shangazi na wanawake wawili wa jirani walikaa nyuma, buti lilijaa mchele na masufuria. Mimi nikawekwa mbele. Shangazi alisema, "Kaa huko, wewe si mkaguzi wa baba yako?" Wakacheka, nami nikaona aibu mpaka shingoni.

Tukafika kwenye mteremko mrefu. Mzee Nassoro akaliweka gari frii, bila gia, kisha akageuza ufunguo, akazima. Taa zikabadilika pale mbele yake, muungurumo ukakatika, tukabaki tunasikia matairi na upepo. Gari likazidi kwenda. Akaniambia kwa furaha, "Unasikia nini? Husikii kitu. Hapa haitoki petroli hata tone. Kila mteremko nafanya hivi. Ndiyo akili yenyewe."

Wanawake nyuma walikuwa wanazungumza habari za mchele, hawakujua. Mimi nilishika mkanda kwa mikono yote miwili. Kule chini, kutoka kwenye njia ya mnazini, ikaingia pikipiki imebeba nazi pande zote mbili, mwenyewe haonekani vizuri. Mzee Nassoro akakanyaga breki mara moja, mara ya pili, na ya tatu nikaona mguu wake umesimama. Breki imekuwa ngumu kama jiwe. Akavuta usukani, nao mzito, anaukumbatia kama mtu anayeng'oa muhogo. Haukwenda anakotaka.

Baba, sauti yangu unaijua. Sijui ilitoka wapi. Nilipiga kelele, "Washa! Washa gari!"

Akawasha. Breki zikarudi, gari likapinda, likaparaza nazi za upande mmoja na kuingia kwenye majani. Nazi zikatawanyika barabarani. Wanawake nyuma wanalia, mchele umewamwagikia kichwani. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Yule kijana wa pikipiki akaja dirishani, akauliza, "Mzee, hili ni gari au jeneza?"

Mzee Nassoro akasema breki zimeingia maji. Baba, hapajanyesha huku.

Tuliokota nazi za watu, tukaendelea. Tulipofika Mchinga akasubiri wengine washuke, akaniambia taratibu, "Binti, ya safarini yanaishia safarini. Baba yako ameuliza gari, hajauliza dereva." Nikatazama chini kama kawaida yangu.

Nilidhani nitakuandikia kwa urahisi. Usiku ule Kaka Hamisi akapiga simu. Alikuwa na furaha, nilitamani kulia. Aliniambia, "Somoe mdogo wangu, sema zuri tu. Leseni ninayo, gari sina. Mikorosho hii nitakufa nayo mkononi kama sitatoka sasa." Nikamuuliza kama ana uhakika na mafuta. Akacheka, akasema, "Usiogope, nilipokuja Lindi Mzee Nassoro alinionyesha siri yake. Mteremko wa kwanza tu utaona."

Mpaka wakati ule nilikuwa nafikiria bonde. Tangu hapo namfikiria Kaka, yuko kwenye mteremko, gari kimya, nyuma yake mama mwenye uchungu wa kuzaa ameegemea gunia. Nilitaka kumwambia, sauti ikagoma, nikasema "haya Kaka," akakata simu akiamini nimekubali. Sijakubali.

Baba, gari lenyewe si baya. Nisiliseme vibaya kwa sababu ya mwenyewe. Rangi yake nzuri, viti vizuri, Mama Neema anaendesha kama lake na hajuti. Lakini nafuu ya mafuta anayoisema Mzee Nassoro si ya gari. Ni ya kuzima. Likiendeshwa likiwa linawaka, kama linavyotakiwa, linakunywa kama ya wenzake. Na kwa njia yetu, na mizigo yetu, litakunywa zaidi na litasugua tumbo. Uliniomba neno moja na neno langu ni hapana. Bonde usilitoe.

Mzee Nassoro akija Ijumaa, mpokee, mpe chai, lakini asikutoe barazani mpaka umemuuliza mbele ya watu kama anazima gari mteremkoni. Akikataa, mwambie Somoe alikuwa amekaa mbele.

Shangazi ameniambia nimpe barua hii mtu mwingine akusomee, mwalimu wa madrasa au jirani. Alisema, "Ukimpa Hamisi, ataruka yasiyompendeza." Nimekataa. Sitaki Kaka asikie habari hii kutoka kinywani mwa jirani, watu wamekaa wanamtazama. Nataka aisome kwa sauti yake.

Kaka Hamisi, sasa nasema na wewe. Samahani kwa ile "haya" yangu. Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni mto ulipojaa nikienda mtihani, na hukuniambia kama maji yalikufika kifuani, niliyaona tu kwenye shati lako. Sitakusaidia kupanda kitu kitakachokuua. Nichukie kidogo, lakini leseni yako itunze, na ile siri ya mteremko isahau, hata ukipewa gari la mtu mwingine.

Msalimie Mama sana, mwambie chapati zangu sasa zinakubali kuvimba. Bibi mzaa Baba mpeni shikamoo yangu sikioni, upande wa kulia ndio unaosikia. Asha, kitinda mimba wetu, asiache kwenda shule kwa sababu ya mvua. Mjomba fundi cherehani mwambieni gauni lake la hitima lilisifiwa Mchinga, japo lilikuwa na mchele. Shangazi naye anawasalimu wote, anasema mkorosho ulio karibu na kisima ni wa kwake tangu utotoni na asiuguse mtu.

Baba, barua zangu huwa zinaishia kwenye jina langu. Leo usiposikia Kaka amelitaja, ujue bado haijaisha, mwambie arudi nyuma asome alichoruka.

Mwanao,
Somoe