Mboga za Keza

Gisenyi, 10 Septemba 2023

Mutoto wangu Umutesi,

Nakusalimia sana, we na mume wako Kimenyi na hiyo tumbo yako. Mnaamka je huko Karagwe? Mi niko muzima, ni maskio tu yanaendelea kufunga. Simu usipige tena. Jana Mukabera wa hapa jirani alinipokelea, akaanza kunielezea kwa mikono kama mutu anafukuza nzi, tukachoka wote wawili. Andika tu. Emmy dereva akipita na kamyo yake ataleta, yeye ndiyo posta yetu.

Bon, sikia habari: mama yako amekuwa mulimaji! Usicheke. Najua, maisha yangu yote niliuza vitenge pale mupakani, Petite Barrière, mboga nilikuwa nanunua tu. Lakini mutu asiyesikia pikipiki ikimupigia honi afanye nini pale? Nimerudi nyumbani. Nyuma ya nyumba nimetoa yale mawe meusi ya volkano, mugongo ikataka kukatika, nimejenga kabustani ka jikoni. Nimemwaga mbegu za lengalenga, ule muchicha wetu, na vitunguu na karoti.

Unajua ni ya nini? Ni ya mujukuu wangu. Umesema utazaa mwezi wa kumi na mbili, kisha utamuleta. Basi tutafanya ubunnyano kama ya kwetu: batoto ba jirani balime kidogo, tubamwangie maji tuseme mvua imenyesha, bakimbie ndani, bakule maharagwe na mboga, kisha kila mumoja amuite mutoto jina. Na ile siku hakuna jani ya sokoni itaingia kwa sufuria yangu. Hata moja!

Ni mi,
Mama yako

*

Kayanga, Karagwe, 2 Oktoba 2023

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila miguu imevimba kama maandazi. Masikio yako yananipa wasiwasi. Unakunywa dawa uliyopewa, au umeificha tena kabatini?

Mama kulima! Wewe uliyekuwa ukikanyaga tope unavua kiatu unakiangalia kama kimekufa? Nimecheka mpaka mtoto akanipiga teke. Haya, nikupe neno moja: karoti usizihamishe. Zinakulia palepale zilipopandwa. Ukizing'oa ukazipeleka kwingine, zinazaa miguu miwili.

Mtoto anacheza sana. Kimenyi anaweka sikio tumboni kila akirudi kutoka gereji, anasema humu ndani kuna fundi mwenzake. Huku bado naitwa "mgeni", au "mke wa fundi". Wenzangu kisimani ni Mama Fulani na Mama Fulani. Mimi nasubiri zamu yangu, Mama. Natamani sana siku hiyo, nisikudanganye.

Wakati mwingine naogopa. Nikumbuke katika sala zako.

Binti yako,
Umutesi

*

Gisenyi, 12 Novemba 2023

Mutoto wangu,

Amani kwako na kwa huyo wa ndani. Mi niko tu, nashukuru Mungu.

Barua yako imechelewa, shenge! Karoti nilikuwa nimeshahamisha zote, nikazipanga mustari muzuri kabisa. Juzi nang'oa moja: suruali! Nang'oa ingine: suruali. Mukabera alikaa chini kwa kucheka. Yeye ni mutu wa Bugeshi, kwao banazaliwa na jembe mukononi, anacheka apendavyo. Na vitunguu niliving'oa vyote nikipalilia, nikafikiri ni majani. Ile siku nililia, kweli. Mutu muzima nalilia vitunguu.

Lakini lengalenga! Njoo uone. Imesimama. Mukabera amenionyesha kukata juu tu, ichipuke tena, donc itakungoja. Pembeni nimeacha pahali bila kupanda kitu. Ni pa batoto kulima ile siku. Hata kuku nazifukuza pale.

Jioni nafuma. Kofia imeisha, ya manjano. Nimeanza na soksi, moja imekuwa kubwa kuliko ingine, atavaa tu, hana wa kumucheka.

Usiogope, mutoto wangu. Kuzaa ni kazi, lakini batu banaiweza.

Mama yako

*

Gisenyi, 7 Januari 2024

Mama Keza! Mama Keza wangu!

Ayi Mana yanjye, Mungu wangu, niruke wapi! Kamyo ya Emmy iko garaje tangu mbele ya Noeli, nikakaa hapa bila barua, ninakonda. Ijumaa ndiyo mwenzake amepita. Alikutana na Kimenyi barabarani, akamuuliza habari. Kimenyi akamujibu: "Amejifungua. Ni binti." Kisha akaenda zake mbio. Baba mupya huyo, nikasema, hana hata wakati wa kusalimia batu!

Najua kusafiri na mutoto muchanga ni ngumu. Lakini mutoto kukaa bila jina si vizuri. Basi jana nimeita batoto ba hapa. Balilima pale pao na vijiti, bakararua kabisa. Nikabamwangia maji, nikapiga kelele "Mvua! Mvua!", bakaingia ndani mbio na matope. Balikula maharagwe na lengalenga yangu, bakapangusa sahani na vidole. Kisha bakamuita kwa sauti kubwa, nisikie. Mumoja alisema Karoti, huyo nilimupiga jicho. Wa Mukabera akasema Mvura, ni ile mvua. Cedric, kale kadogo kasikojua kunyamaza, ndiyo akasema: "Keza, kwa sababu ni muzuri." Nikamuuliza, umemuona wapi? Akasema, "Ni wa kwetu, si lazima nimuone."

Nimekutumia kofia na soksi. Bahasha nimeandika Mama Keza, iko sawa, ama?

Ni mi,
Nyogokuru, bibi ya Keza

*

Kayanga, 26 Januari 2024

Mama,

Shikamoo.

Hakuna Keza. Alizaliwa tarehe kumi na moja Desemba na hakulia. Nilimngoja alie. Nilimwambia Kimenyi, subiri, atalia sasa hivi. Hakulia.

Kimenyi hakumdanganya yule dereva. Alianza kumwambia, sauti ikaisha. Na mimi nilishindwa kukupigia. Ningempigia nani, Mukabera? Akueleze kwa mikono kwamba mjukuu wako amekufa?

Walimchukua wazee wa Kimenyi, wakamzika nyuma ya migomba kabla sijaweza kusimama. Walisema asiyevuta pumzi haitwi jina, wala haliliwi. Siku ya nne nikarudi kuchota maji. Wanawake wakaniita "mke wa fundi", kama kawaida, kama hakukuwa na kitu.

Halafu bahasha yako ikaja. Mama Keza. Nimeisoma nikataka kuichana. Mmekula, mmecheka, mmerushiana maji, na mwanangu yuko ardhini. Nimekukasirikia, Mama, nimekukasirikia sana. Kofia sikuweza kuishika. Kimenyi ameiweka mahali, sitaki kujua wapi.

Sitakuja. Waambie watoto walifute hilo jina. Na hiyo bustani ing'oe.

Umutesi

*

Gisenyi, 4 Februari 2024

Mutoto wangu,

Sikuulizi u hali gani. Najua.

Ihangane, pole sana. Yoo, mutoto wangu, ihangane. Mama yako alicheza siku ya kilio. Kila nikikumbuka yale maji nabamwangia, natamani ardhi inimeze.

Niliingia bustanini kung'oa kama ulivyosema. Nimeng'oa yote, karoti na miguu yao, lengalenga na mizizi. Ilibaki pale pa batoto. Nikabaita. Nikabaambia, nilikosea, yule mutoto hakukaa, rudisheni jina. Cedric akasogea karibu na sikio langu, akapaza sauti mpaka nikasikia: "Keza amekufa?" Nikasema ndiyo. Akaanza kulia. Na wengine. Balimulia pale chini, mutoto wangu, kwa jina, kama batu banalilia mutu wao. Mi nikakaa katikati yao nikalia.

Kurudisha jina imenishinda. Batoto balishalima, balishakula. Kwetu mutoto akishaitwa ameitwa. Wazee wa huko banisamehe, mi siwajui, lakini mujukuu wangu nilimufumia soksi.

Ukitaka kunikasirikia, endelea, niko hapa. Kamyo ya Emmy imepona. Nataka nipande nije, nikuoshe, nikupikie uji, nisiseme kitu. Kusikia sisikii, lakini kukaa na mutu naweza. Sitakuja usiponiita.

Mama yako

*

Kayanga, 19 Februari 2024

Mama,

Shikamoo. Kimenyi hajambo. Mimi nakula kidogo.

Barua yako nilimsomea Kimenyi. Nilipofika pale Cedric analia, akatoka nje, nikamsikia nyuma ya migomba. Ndiyo mara ya kwanza amelia. Nilimfuata. Tulikaa pale mpaka nguo zikalowa umande. Ile kofia alikuwa ameizika pale, juu ya mtoto wetu.

Jana ametengeneza ubao mdogo gereji, ameandika jina kwa rangi ya magari, ameusimika pale. Mama yake amenuna. Wacha anune.

Njoo. Beba mbegu za lengalenga, nipande hapo pembeni. Zile za karoti ziache.

Na umwambie Cedric asante.

Binti yako,
Mama Keza