Pai Niliyoila Nimeshiba

London, 20 Machi 1952

Kwako Dada Edith,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kifua chako kimepata nafuu sasa baridi inapopungua huko Thornley. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo inayoniuma, na sababu utaiona.

Wazazi wa wanafunzi wako walifika salama wiki iliyopita. Bi. Hannah Clegg alimwambia mlinzi wa Bunge kwamba wametoka mbali kuja kumsikiliza kijana wao akiisemea shule, na asithubutu kuwaketisha nyuma ya nguzo. Nilicheka hadi machozi. Nikawapeleka kwenye roshani ya wageni, nikawaahidi kwamba Wizara ya Elimu itasikia habari za paa la shule yako linalovuja na watoto wanaosoma na makoti mwilini.

Unajua nilivyoisaka ile nusu saa ya mwisho ya kikao, anayopewa mbunge mmoja kwa kura ya bahati aseme shida ya kwao. Nilikosa majira yote ya baridi, safari hii jina langu likatoka. Lakini shughuli nyingine zikiisha mapema, zamu yako nayo inakuja mapema, na ukiitwa usiwepo, kikao kinafungwa. Hata mbunge mpya analijua hilo.

Sasa umeniandikia kunipa pole kwa hila niliyofanyiwa na serikali, na kunieleza kuwa Bi. Clegg anataka kwenda gazetini.

Edith, hakuna hila. Waziri mmoja wa zamani wa chama chetu alinialika chakula jioni ile, mimi mtoto wa mfumaji, nikavimba kichwa. Alininong'oneza kwamba tukirudi madarakani, huenda Wizara ya Elimu ikawa yangu. Nilijua mjadala wa uvuvi wa samaki uliotangulia zamu yangu ungeweza kuisha wakati wowote, na bado nikaongeza sahani ya pili. Spika akaita jina langu, na wale wazazi wakabaki kukitazama kiti kitupu.

Nilipowafikia nikaropoka kwamba serikali imefunga kikao makusudi ili kuninyamazisha. Wakaniamini papo hapo. Bi. Clegg akafungua kitambaa, akatoa kipande cha pai walichonibakizia tangu asubuhi. "Kula, mwanangu," akasema. "Umeshinda na njaa kwa ajili yetu, na hao hawana hata haya!" Nikala, Edith. Tumbo limejaa, nikatafuna mpaka chembe ya mwisho huku wakinionea huruma.

Nimeona aibu maishani, lakini si kama hii. Usiifiche barua hii. Isome Jumapili kanisani baada ya ibada, mbele yao wote, kabla hawajaenda gazetini kwa sababu yangu. Jumamosi inayofuata nitakuwa hapo mjini kwenye meza yangu ya kusikiliza shida za watu, na anayetaka kunitukana aje. Jina langu nimelirudisha kwenye kura, ila paa lako litaendelea kuvuja mpaka sijui lini.

Nisalimie Baba, na majirani wote wa mtaani watakaokubali kupokea salamu zangu.

Mdogo wako,
Arnold