Émile na Kalasi ya Mama Hulda

Jumatatu, 10 Septemba 1956

Émile tena! Leo saa nne Direktere, mkuu wa masomo, ameniita mbele ya watu, kama vile mimi ndiye niliyetoroka. Siku tatu mwanangu hajaonekana kalasini. Kumbe alikuwa depo, karakana ya treni, amelala kifudifudi kando ya reli, anatazama mafundi wakifungua mashine. Ana miaka kumi na miwili. Mwaka wa tatu ameshaurudia mara mbili.

Direktere hakuzungusha maneno. Watoro na waliorudia, wavulana kumi na sita, wanatiwa kalasi moja katika ghala la zamani la majembe. Mwalimu wao ni mama mmoja kijana, Hulda Kabedi, ametoka Luena. Wasipoonyesha kitu mpaka Noeli, wote nje.

Mwanamke, kwa wale! Nimemhurumia.

Nyumbani nilimpiga Émile fimbo mbili. Hakulia. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumatano, 12 Septemba

Nimesema na Kapita Edmond, msimamizi wa depo. Mwezi wa kwanza atamchukua Émile kusafisha mashine. Nimemshukuru sana. Émile nimemwambia: kichwa chako kizito, utakula kwa mikono yako. Alitazama chini.

Léonie, mke wangu, bado hajui.

Jumanne, 25 Septemba

Sijaona jambo kama hili!

Nilikuwa kazini kwangu, pale ninapogeuza reli, upande wa magharibi wa gare ya treni. Nasikia miguu. Mama Hulda na wavulana wake wote, mstari mmoja, kila mtu na kaye yake ya kuandikia. Nikapiga kelele: treni ya Bukama inakuja! Yeye akawasimamisha mbali, kwa mkono mmoja tu. Wakasimama. Wale!

Akanisalimia vizuri. Mkubwa wa gare alikuwa amemruhusu.

— Baba Émile, utusamehe. Batoto banasema kazi yako banaijua. Minyi siijue. Utanifundisha?

Mimi kumfundisha mwalimu! Nikaeleza: mkono wa chuma huu, unavuta hivi, ulimi wa reli unasogea, treni inaacha njia ya Bukama, inashika njia ya depo. Kisha bendera ya kuiruhusu treni. Nikafikiri nimemaliza.

— Umesahau kitu, baba.

Émile! Mbele ya wote.

— Kisha kuvuta, unarudiaka kuangalia kama ulimi wa reli umegusa muzuri. Kama haujagusa, hautoe bendera.

Kweli tupu. Miaka sita nafanya hivyo bila kufikiri. Alinitazama kutoka wapi, lini?

— Andika vile ulisema, Mama Hulda akamwambia.

Akaketi chini, akauma kalamu. Jasho. Akaandika mstari, akafuta, akaandika tena. Ni mara ya kwanza kumwona mwanangu anatafuta neno na kukasirika kwa kulikosa.

Treni ikapita. Hakuna aliyeikimbilia. Walihesabu mabehewa, kisha wakagombana: thelathini na moja au thelathini na mawili? Mama Hulda hakuwaambia. Aliuliza watajuaje. Wakaenda gare kuuliza, mbio.

Ijumaa, 28 Septemba

Mezani Émile ameniuliza «lokomotivu» inaandikwa namna gani. Sikuwa na hakika. Nilisema nimechoka.

Jumatano, 10 Oktoba

Habari za kalasi ile zinafika nyumbani kila jioni bila kuulizwa. Wamepima reli kwa hatua, kisha kwa mita, kisha wakatafuta kwa nini hesabu hazipatani. Asiyeweza kukaa anasoma amesimama. Fimbo hakuna. Tshibangu, yule mkubwa aliyekuwa anapiga wenzake, sasa amepewa watatu wa kufundisha, na wakikosea anajibu yeye. Kila mmoja anaandika ukurasa juu ya kazi ya nyumbani kwao. Kurasa hizo zitashonwa kuwa kitabu kimoja.

Jana Direktere aliingia kwao kwa hasira—kelele gani hizi! Mama Hulda akamjibu kwa heshima: amuulize mtoto yeyote swali. Akauliza: mabehewa ishirini na manane, kila moja magunia arobaini? Tshibangu akaandika ukutani kwa mkaa. Elfu moja mia moja ishirini. Direktere akauliza jingine. Na jingine. Mwisho akatoka, kofia akaisahau mezani!

Émile alimwigiza anavyotembea bila kofia. Léonie alicheka mpaka akakaa chini. Miaka miwili neno «masomo» halijaleta kicheko nyumbani kwetu.

Jumapili, 21 Oktoba

Baada ya ibada Kapita Edmond amenishika mkono. Nafasi imefunguka sasa, si mwezi wa kwanza. Kazi itaanza tarehe 29. Jumamosi anataka jibu, ama atampa mwingine. Si mtu mbaya. Kazi hiyo hiyo imemlelea watoto saba.

Nimemweleza Léonie yote. Aliendelea kutwanga sombe, majani ya mihogo. Kisha:

— Weye njo ulimutafutia ile kazi. Basi weye njo umwambie mwalimu wake.

Jumatatu, 22 Oktoba

Nimekwenda kwa Mama Hulda. Nilidhani atanisihi, au atanihubiria. Alikuwa anafagia.

— Kazi ya depo iko kazi ya muzuri, akasema. Lakini soma hii kwanza.

Ukurasa wa Émile. Naunakili hapa:

«Baba yangu anageuza reli. Akikosea bantu batakufa. Hajakosea. Alisema kichwa changu kizito. Anajua kuandika, lakini anajificha. Ana kaye yake chini ya nguo. Sijaifungua. Ninataka kujua anaandika nini.»

Nilisoma mara mbili. Sikupata pa kutazama.

Mama Hulda akasema Ijumaa akina baba watakuja kuwasomea watoto, na mimi wa kwanza. Nikamwambia ukweli, ambao hata Léonie simwambiagi: niliacha masomo mwaka wa nne, nikisoma kwa sauti nakwama kama gari matopeni.

— Njo muzuri! Baone mwanaume anakwama, kisha anaendelea.

Ijumaa, 26 Oktoba

Nimesoma!

Tulikuwa baba tisa, tumebanwa kwenye viti vya watoto. Nilisoma ukurasa wa Tshibangu, juu ya baba yake anayejaza makaa kwenye lokomotivu. Kwenye «kuunganisha» nikakwama. Kuu… kuu… Hakuna aliyecheka. Émile hakunisaidia. Alingoja tu, midomo yake inakwenda pamoja na yangu. Nikapita.

Jirani yangu Médard, aliyekuwa anawacheka wanaofundishwa na mwanamke, alisoma kurasa tatu na akakataa kukaa!

Njiani nilitaka kuomba msamaha kwa lile neno la kichwa kizito. Nikasema mwandiko wako mzuri. Kisha nikamweleza habari ya depo, nikamuuliza anataka nini yeye.

— Mashine nazipenda, baba.

Basi. 

Jumamosi, 27 Oktoba

Asubuhi. Kapita Edmond amekuja kuchukua jibu. Nimemwambia angoje, navaa koti. Niko chumbani naandika.

Émile yuko naye. Nasikia:

— Kapita, ulianzaka kazi na miaka ngapi?

— Kumi na moja.

— Nani alikufundisha?

Edmond anaeleza. Huyu mtu wa kugomba tu! Mzungu fulani, moto fulani, mkono ulioungua.

— Polepole, Kapita. Bado naandika.

Na anapunguza mwendo kweli. Neno kwa neno. Anauliza kama jina lake limeandikwa vizuri. Émile anamwambia: tazama hapa. Nasikia kiti kinasogezwa.

— Minyi sijue kusoma, mwanangu. Andika na ile pia.

Nasikia kalamu.

Koti nimeshavaa. Jibu bado sina, na sithubutu kufungua mlango—nikifungua, wataacha. Sasa Edmond anamwambia: nisomee, tangu mwanzo. Émile ameanza…