Alama Hazilingani

Jumatatu, 3 Machi

Upawa, ile programu yangu, umegoma. Barua pepe imenikuta hata koti sijavua. Mwalimu wa chuo cha wakunga, yule aliyeniandikia Januari kwenye ukurasa wa mradi. Wakati ule nilimjibu haiwezekani, maana kompyuta zake kumi na nne ni kuukuu mno, hakuna programu ya kuzifaa. Leo anasema programu imeonekana! Upawa umeipata, ukaanza kuileta, halafu ukaitupa. Ujumbe ni ule ule kwenye zote: alama hazilingani. Anauliza nimefanya nini. Sijafanya kitu. Ijumaa nilifunga ofisi nikaenda kusuka.

Jioni shangazi kaniuliza tena kazi yangu ni nini hasa. Ninakaa naye mwaka wa tatu, na bado anauliza. Nikamweleza. Kuna programu za kukata na kubana video na sauti. Kuziunda tangu mwanzo ni shughuli, wengi hawaiwezi. Kaka anaziunda, moja kwa kila aina ya kompyuta, Windows, Mac, Linux, kisha anaziweka kwenye ghala lake mtandaoni. Upawa ni wangu. Unaiuliza kompyuta ya mtu, wewe ni nani? Halafu unakwenda ghalani na kuiletea inayoifaa.

— Kumbe kaka yako anapika, wewe unapakua.

Ndiyo.

— Na hamsemezani.

Ndiyo. Akasema jiko la namna hiyo hajapata kuliona.

Jumanne, 4 Machi

Nimekagua ghala. Mafaili sita ya zamani yako sawa. La saba liliingia Jumamosi, bila taarifa. Ni la kompyuta kuukuu. Nani kaliomba? Nani kakubali?

Kila faili lina alama yake, kama ya kidole: herufi na tarakimu sitini na nne. Kaka anaorodhesha alama, Upawa unapima kilichofika na kulinganisha. Ikipishana hata herufi moja, faili linatupwa. Sheria hiyo niliitunga mimi. Ghala likivunjwa na mtu akaweka sumu, asile mtu.

Kwa hiyo ama ghala limevunjwa, ama kaka amekosea. Kaka hakosei. Huwa ananakili alama, haziandiki kwa mkono. Miezi kumi na sita ya kutosemezana, matoleo kumi na sita, kila mwezi moja, na hakuna hata nukta iliyohama. Ndiyo barua zetu hizo.

Jumatano, 5 Machi

Mwalimu kapiga simu. Wanafunzi wanakwenda vituoni Jumatatu, kila mtu na chake, mbali. Kuna video arobaini na moja: mtoto aliyetanguliza miguu, mama anayevuja damu, mambo ya namna hiyo. Zisipobanwa haziingii kwenye simu zao. Akauliza, kwa upole, kama Upawa hauwezi kufumba macho mara moja tu.

Unaweza. Ni neno moja kwenye mstari wa ukaguzi: penye "kweli" niandike "si kweli". Nikamwambia hapana. Hakukasirika. Akasema basi, watakwenda na madaftari. Afadhali angefoka.

Nimemwandikia kaka kwenye ukurasa wa mradi: "Mtunzaji, tafadhali thibitisha alama ya faili la saba. Asante." Mtunzaji! Mtu ambaye nilivaa mashati yake hadi darasa la tano.

Alhamisi, 6 Machi

Hajajibu.

Nimempigia wifi, mkewe. Hapatikani. Shangazi kacheka: wifi ya ukutani inashika vizuri, wifi mwenyewe ndiye hana mtandao. Nikacheka pia, kidogo. Nikamuuliza, kwani kaka yuko wapi siku hizi?

— Amepumzika.

Amepumzika vipi?

— Kazi! Amepumzika kazi, wewe! Mungu apishie mbali.

Kisha akainuka kwenda kuosha vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi. Ana jambo.

Sijawahi kuliandika lile. Niliandike liishe. Mama alipozidiwa nilimwandikia kaka: njoo. Akajibu, namalizia hili toleo. Alifika siku mbili baada ya mazishi, na begi lake mgongoni, watu bado wamejaa uani. Nikamwambia mbele ya wote: "Pole, tumeshapakua. Sufuria tupu." Watu wawili watatu walicheka. Ndicho kilichoniuma baadaye, kwamba walicheka. Yeye aliweka begi chini, akalichukua tena, akaondoka. Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi, mama alikuwa akisema. Alikuwa akiniambia mimi, si yeye.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeipata!

Nimechapisha alama mbili kwa maandishi makubwa, ya kwenye orodha na ya faili lenyewe. Macho yakachoka. Nikampa shangazi moja asome kwa sauti, mimi nifuatilie nyingine kwa rula. Anasoma vizuri, na miwani yake puani. Tulipofika ya ishirini na tatu nikamwambia hapo sawa, endelea. Akanikatalia: sawa nini, nimesema tano. Mimi nilisikia tatu. Na kwenye karatasi yangu, ya orodha, imeandikwa tatu.

Tukaendelea. Ya hamsini na moja, yeye dii, mimi bii. Mbili tu. Zilizobaki zote sawa.

Si sumu. Ukigusa faili hata punje, alama yote inabadilika, haibaki herufi mbili pembeni. Faili ni zima. Orodha ndiyo imekosewa, na imekosewa kwa sikio. Tano na tatu hazifanani machoni. Zinafanana mdomoni. Mtu mmoja alisoma, mwingine akaandika.

Nikamuuliza shangazi: kwa nini kaka asomewe?

Akavua miwani. Presha ya macho. Tangu Desemba. La kushoto limekwenda. La kulia limepasuliwa wiki mbili zilizopita, bado limefungwa, na daktari hasemi lolote la kueleweka. Kaka aliwakataza wasiniambie. Alisema nikijua nitakuja na huruma, na huruma yangu ina pilipili.

Ni kweli ina pilipili.

Jumamosi, 8 Machi

Nimerudi kwenye barua za Januari pale ukurasani. Ombi la mwalimu, mistari minane. Chini yake jibu langu, neno moja: Haiwezekani. Kaka hakuandika kitu hapo. Kumbe alikuwa anapika. Kwa jicho moja, kisha bila jicho, na wifi pembeni akimsomea kioo cha kompyuta. Wifi ni mshonaji! Anajua sentimita na pindo. Alisoma herufi sitini na nne zisizo na maana, na mume akagonga kwa vidole kumi gizani, mchana kweupe. Wakakosea mbili.

Nimeona aibu. Naiandika hivyo hivyo: aibu.

Funguo za orodha ninazo. Ningeweza kuzirekebisha zile mbili mwenyewe, dakika moja, mwalimu akapata. Lakini sheria inasema alama itoke kwa aliyeunda faili, tena kwa njia nyingine, si ghalani. Sauti inakubalika. Ni utaratibu tu.

Shangazi anasema utaratibu huo una namba ya simu. Kaiandika pembeni ya karatasi, mpya, ya wifi.

Jumapili, 9 Machi

Saa nne asubuhi. Kapokea! Nikamwahi: wifi, usimwambie ni mimi. Nisomee alama ya faili la saba, kwenye ile kompyuta mliyoliundia. Akasema kwa sauti ya juu kidogo, eti ni mtu wa kazini, anataka zile herufi.

Simu iko mezani, spika wazi. Anasoma polepole kama anahesabu vifungo. Ninaandika humu humu, karatasi nimeiacha chumbani.

Ya ishirini na tatu. Tano au tatu? Tano, kasema. Ya vidole vya mkono.

Thelathini. Arobaini. Mashine yake ya kushonea imesimama, sisikii kitu kingine.

Hamsini na moja. Bii, kasema. Nikauliza, bii au dii? Kajibu ndiyo hiyo hiyo. Nikarudia. Naye hana hakika, kamgeukia mtu.

— Tumbo limeangalia wapi?

Kaka. Sauti ile ile, imekauka kidogo.

— Kushoto.

— Basi ni dii. Dii ya dada.

Nimeandika d. Zimebaki kumi na tatu. Wifi haendelei. Kaka anamuuliza ni nani huyo wa kazini, kazini hakuna mtu. Nasikia kiti kinasogezwa, kitu kinapapaswa mezani, simu inahama mkono.

Anapumua karibu kabisa.

— Haya. Umeandika dii?

Nimeandika. Sijasema.